Maswali Matatu ya Frederick: Kipimo Kizuri Kinachobebeshwa Mzigo Usio Wake

Ni vichache miongoni mwa vipimo vya kisaikolojia vinavyoweza kuandikwa nyuma ya bahasha, vikajibiwa kwa dakika chache bila kifaa chochote isipokuwa kalamu, na bado vikazua mijadala ya kitaalamu kwa miongo miwili. Kipimo cha Tafakuri, ambacho watafiti hukitaja kwa herufi CRT (kifupi cha jina lake la Kiingereza, Cognitive Reflection Test), ni kimojawapo. Kiliandaliwa na Shane Frederick, aliyekuwa akifundisha MIT nchini Marekani, na kikachapishwa mwaka 2005. Kina maswali matatu tu. Mtu yeyote anaweza kukitumia bila kulipa, na ndiyo maana leo unakikuta katika maabara za vyuo vikuu, katika semina za viongozi, katika usaili wa kazi na katika simu za watu wanaotumiana mafumbo.

Kinachodaiwa kupimwa hapa si wingi wa akili wala kiwango cha elimu, bali tabia moja mahsusi: jibu lisilo sahihi linapomjia mtu lenyewe, kwa wepesi na kwa sura ya ukweli, je, mtu huyo hulisimamisha na kulikagua, au hulitoa kama lilivyomjia? Maoni yangu, baada ya kukitumia katika mafunzo na kufuatilia tafiti zilizokihusu, ni kwamba kwa kumwonyesha mtu namna fikra za haraka na fikra za taratibu zinavyopokezana ndani ya kichwa chake mwenyewe, sijaona chombo kinachokipita. Kwa kumhukumu mtu mmoja mmoja na kumbandika jina la mwenye kutafakari au la mvivu wa kufikiri, hakifai, na wanaokinadi kwa kazi hiyo wanakitwisha mzigo ambao hakikuundwa kuubeba.

Swali la kwanza ndilo lililokipa umaarufu, na linastahili kutazamwa kwa makini. Gongo la besiboli na mpira wake kwa pamoja ni dola 1.10. Bei ya gongo inazidi bei ya mpira kwa dola 1. Je, mpira ni bei gani? Asiyewahi kukutana na swali hili huwa na jibu mkononi kabla hajafika kwenye alama ya kuuliza, nalo ni senti 10. Hakulitafuta. Limejileta, kwa sababu dola 1.10 inajigawa yenyewe kuwa dola 1 na senti 10, na kwa sababu neno "inazidi" linapitiwa na macho bila kupewa uzito wake. Ukikagua, kosa linaonekana mara moja: kama mpira ni senti 10, gongo linalouzidi kwa dola 1 litakuwa dola 1.10, na vyote viwili vitafika dola 1.20. Mpira ni senti 5, gongo ni dola 1.05, na tofauti kati yake ni dola 1 kamili.

Ufundi wa swali hili ni kwamba kulikagua ni rahisi kupita kiasi. Hakuna kanuni ya hesabu inayohitajika isipokuwa kujumlisha, na hakuna neno lililofichwa ili kumnasa msomaji. Kila kitu kipo wazi mezani, na bado watu wengi wenye elimu ya juu huandika 10. Frederick alitaja jambo moja dogo ambalo kwangu ndilo ushahidi mzuri kuliko takwimu zozote: katika pembezoni mwa karatasi za washiriki, mara nyingi ilionekana 10 iliyokatwa kwa kalamu na 5 ikiwa imeandikwa kando yake, lakini haikuonekana kamwe 5 iliyokatwa kwa ajili ya 10. Mwelekeo ni mmoja tu. Jibu la haraka hutangulia, na lile la pili huja baadaye likalisahihisha, kama linakuja. Aligundua pia kwamba waliojibu 10 walikadiria kuwa asilimia 92 ya watu wangelipata swali hilo, ilhali waliojibu 5 walikadiria asilimia 62. Aliyekosea aliliona swali kuwa jepesi mno, na aliyepatia alijua kwamba hapo pana utelezi.

Kuna ulinganisho mwingine katika kazi hiyohiyo unaonifurahisha kila ninapoukumbuka. Washiriki wanapopewa swali la muundo uleule, ila vitu viwili kwa pamoja ni senti 37 na kimoja kinazidi kingine kwa senti 13, hufanya vizuri zaidi, ingawa hesabu yenyewe ni ngumu kuliko ya gongo na mpira. Sababu ni kwamba 37 na 13 hazitoi jibu lolote la kuvutia kwa haraka. Kwa kuwa hakuna jibu linalojipendekeza, mtu hulazimika kukaa na kukokotoa, naye hufika kwenye senti 12. Ugumu ulioonekana waziwazi umemsaidia, na wepesi wa swali la kwanza ndio uliomponza.

Unapolitoa swali la gongo mbele ya watu wazima, usitazame karatasi zao tu, watazame wenyewe. Wapo wanaoandika, wakaiweka kalamu chini na kuinua macho, tayari kwa swali linalofuata. Yupo anayeandika, akaanza kuinua mkono, kisha mkono ukasita hewani na macho yakarudi kwenye mstari wa pili wa swali. Jibu linapotangazwa, kundi la kwanza hulitetea lile lao kwa nguvu: dola moja na senti kumi, mbona ndiyo hiyohiyo? Waombe watoe bei ya mpira kutoka bei ya gongo, yaani senti 10 kutoka dola 1. Wanapotamka "senti tisini" kwa midomo yao, mjadala huisha, na hakuna maelezo ya mwalimu yanayoweza kuchukua nafasi ya sekunde hizo. Nimewaona watu waliopinga kwa dhati kwamba akili zao zinaweza kuwadanganya wakikubali hapohapo, bila kushurutishwa.

Maswali mengine mawili ni mazuri, ingawa hayafikii hilo la kwanza. Ikiwa mashine 5 huchukua dakika 5 kutengeneza vifaa 5, mashine 100 zitachukua muda gani kutengeneza vifaa 100? Mdundo wa namba unamsukuma mtu aseme dakika 100, lakini kila mashine hutengeneza kifaa kimoja kwa dakika 5, kwa hiyo jibu ni dakika 5. La tatu linahusu mayungiyungi yanayoenea ziwani, ambayo eneo lake huongezeka maradufu kila siku. Yakilifunika ziwa lote kwa siku 48, yatachukua siku ngapi kufunika nusu yake? Wengi hugawa 48 kwa mbili na kusema 24. Jibu ni 47, kwa kuwa siku ya mwisho ndiyo inayogeuza nusu kuwa ziwa zima.

Kuhusu matokeo, takwimu za mwanzo zilikuwa nyingi kiasi cha kutosha kuaminika. Frederick alikusanya majibu ya washiriki 3,428 katika tafiti 35 zilizochukua miezi 26 tangu Januari 2003, wengi wao wakiwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani. Wastani wao ulikuwa maswali 1.24 kati ya matatu. Asilimia 33 hawakupata hata moja, na asilimia 17 tu walipata yote. Hata wanafunzi wa MIT, walioongoza kwa wastani wa 2.18, hawakufikia nusu katika idadi ya waliopata yote matatu, kwani walikuwa asilimia 48. Katika Chuo Kikuu cha Toledo wastani ulikuwa 0.57. Namba hizi zinatosha kumnyamazisha yeyote anayedhani kwamba kosa la senti 10 ni la watu wasiosoma.

Kilichokifanya kipimo hiki kipendwe na wachumi, hata hivyo, ni uhusiano wake na maamuzi ambayo hayafanani nacho hata kidogo. Waliopata alama za juu walielekea zaidi kusubiri dola 3,800 za mwezi ujao badala ya kuchukua dola 3,400 za mwezi huu, na walikuwa tayari zaidi kucheza bahati pale ambapo faida inayotarajiwa ilikuwa kubwa. Mwaka 2011 Maggie Toplak, Richard West na Keith Stanovich walionyesha kwamba alama za kipimo hiki zinatabiri namna mtu atakavyofanya katika kundi la kazi 15 za kufikiri zinazojulikana kwa kuwapotosha watu, na kwamba utabiri huo unabaki hata baada ya kuzingatia akili kwa ujumla. Miaka ya karibuni Gordon Pennycook na David Rand, katika utafiti wao wa mwaka 2019 uliokuwa na washiriki 3,446, walikuta kwamba wenye alama za juu hutofautisha vizuri zaidi kati ya habari za kweli na za uongo, hata pale ambapo habari ya uongo inaunga mkono mrengo wao wa kisiasa. Kwa maswali matatu yanayojibiwa kwa dakika chache, hayo ni mavuno makubwa, na sina sababu ya kuyapunguza.

Lakini hapa ndipo mnunuzi anapaswa kuwa macho, kwa sababu uhusiano kati ya alama na tabia katika maelfu ya watu ni jambo moja, na maana ya alama ya mtu mmoja ni jambo jingine. Shaka ya kwanza inahusu hesabu. Maswali yote matatu ni ya namba, na mtu asiyeelewana na namba anaweza kuyakosa si kwa sababu hakutafakari, bali kwa sababu kutafakari kwake hakukumfikisha popote. Katika takwimu za Frederick mwenyewe wanaume walikuwa na wastani wa 1.47 na wanawake 1.03, na pengo kama hilo linamlazimu mtu makini aulize ni kiasi gani cha tofauti hiyo kinatokana na tabia ya kukagua na ni kiasi gani kinatokana na raha au hofu ya hesabu. Mwaka 2015 Aleksandr Sinayev na Ellen Peters walilichambua suala hili na kuhitimisha kwamba uwezo wa kihesabu ndio unaobeba sehemu kubwa ya utabiri ambao watu wanauhesabu kama kazi ya tafakuri. Wengine hawakukubaliana nao moja kwa moja, lakini shaka yenyewe ina uzito na haijaondoka.

Frederick mwenyewe hakuikimbia. Mwaka 2023, yeye na Andrew Meyer walichapisha mfululizo wa majaribio ambamo washiriki walipewa swali la gongo pamoja na msaada wa wazi. Waliambiwa kwamba senti 10 si jibu. Wengine waliombwa wafikirie kama jibu laweza kuwa senti 5. Kama kosa lingekuwa uzembe mtupu, onyo la namna hiyo lingetosha kuwarekebisha karibu wote. Halikutosha. Baadhi walijirekebisha, lakini wengi waliendelea kukosea, na walikuwepo walioshikilia 10 hata baada ya kusaidiwa kiasi hicho. Kwa hiyo ndani ya kundi moja la "waliopata sifuri" wamo watu wa aina mbili zisizofanana: wale ambao hawakusimama kukagua, na wale ambao hata wakikagua hawaoni kosa liko wapi. Kipimo kinawapa alama ileile. Namheshimu mtafiti anayekipima kipimo chake mwenyewe kwa ukali huu, na ninatamani wanaokitumia wangesoma kazi hiyo ya pili kwa bidii ileile waliyoisoma ya kwanza.

Shaka ya pili ni ya ndani zaidi, nayo inagusa picha yote ya fikra mbili. Tangu Stanovich na West walipoeneza mwaka 2000 majina ya Mfumo wa 1, yaani fikra za haraka, na Mfumo wa 2, yaani fikra za taratibu, na hasa baada ya Daniel Kahneman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, kuyapeleka kwa hadhira pana, watu wengi wamekariri hadithi moja: ya haraka hukosea, ya taratibu husahihisha. Swali la gongo na mpira limekuwa mfano mkuu wa hadithi hiyo. Bence Bago na Wim De Neys waliamua kuijaribu. Walimtaka mshiriki atoe jibu la kwanza kwa muda mfupi mno, huku akilazimika kukumbuka mpangilio wa alama za msalaba ndani ya gridi, ili fikra zake za taratibu zishughulishwe na mzigo mwingine. Kisha wakamwonyesha swali lilelile na kumpa muda wote autakao. Ni kweli kwamba wengi walikosea mara zote mbili. Ila miongoni mwa waliopata mwishoni, mara nyingi jibu sahihi lilikuwa limeshatolewa tangu mwanzo, chini ya shinikizo, kabla tafakuri haijapata nafasi ya kufanya chochote. Muda wa kufikiri uliwasaidia kulieleza na kulitetea jibu lao, si kulitafuta.

Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2019, yanabadilisha maana ya alama ya tatu kwa tatu. Hatuwezi tena kusema kwa uhakika kwamba aliyepata yote ni mtu aliyejizuia. Huenda ni mtu ambaye kwa mazoezi ya muda mrefu wazo lake la kwanza lenyewe limekomaa, kama ambavyo mhasibu mzoefu huiona hitilafu kwenye jedwali kabla hajajua ameionea wapi. Karatasi zenye 10 iliyokatwa ni za kweli. Lakini zipo pia karatasi safi zenye 5 peke yake, na hizo zinasimulia habari tofauti.

Upande wa pili wa sarafu hiyo unawatetea waliokosea. Mwaka 2013 De Neys na wenzake waliwapa washiriki swali la gongo katika sura mbili, moja ikiwa ile ya kawaida na nyingine ikiwa nyepesi, ambapo gongo linatajwa tu kuwa ni dola 1, hivyo senti 10 ni jibu sahihi. Baada ya kila jibu waliulizwa wana uhakika kiasi gani. Walioandika 10 katika sura ya kawaida walikuwa na uhakika mdogo kuliko walivyokuwa katika sura nyepesi. Machale yaliwacheza. Kitu fulani ndani yao kilinong'ona kwamba hesabu hii haijakaa sawa, hata kama hawakukifuatilia. Kipimo hakina mahali pa kuurekodi mnong'ono huo, na kwangu hilo ni pungufu kubwa, kwa sababu mtu anayehisi shaka akaipuuza anahitaji mafunzo tofauti kabisa na yule asiyehisi chochote.

Nieleze pia kisa cha mwandiko, kwa kuwa bado kinafundishwa katika semina kana kwamba ni ukweli uliothibitishwa. Mwaka 2007 Adam Alter na wenzake waliripoti kwamba wanafunzi 40 wa Princeton walipopewa maswali haya, waliopata karatasi yenye maandishi hafifu na magumu kusomeka walifanya vizuri zaidi, eti kwa sababu usumbufu wa kusoma uliamsha fikra za taratibu. Dokezo hilo lilipendwa sana, kwani nani asingependa dawa ya bei rahisi namna hiyo? Mwaka 2015 Meyer, Frederick na watafiti wengine waliunganisha utafiti huo wa kwanza na mingine 16 ya kuurudia, wenye washiriki zaidi ya 7,000 kwa jumla, na athari ya mwandiko haikuonekana. Mkufunzi anayekuambia uandike ripoti kwa herufi za kusumbua macho ili wasomaji wafikiri zaidi anakuuzia bidhaa iliyokwisha muda wake.

Halafu kuna umaarufu wenyewe, ambao umekichakaza kipimo. Swali la gongo limezunguka sana kiasi kwamba sehemu kubwa ya washiriki wa tafiti za mtandaoni wamewahi kuliona, na waliowahi kuliona hupata alama za juu zaidi. Nilitarajia hili liwe limekiua kabisa. Haikuwa hivyo: Michał Białek na Pennycook walionyesha mwaka 2018 kwamba ingawa alama hupanda, uhusiano wake na tabia nyingine hubaki karibu vilevile kwa watafiti wanaochunguza makundi. Kwa mwajiri, hata hivyo, habari hiyo haina faraja. Mwombaji mmoja aliyesimuliwa fumbo na rafiki yake atamshinda mwingine ambaye hakusimuliwa, na hakuna anayeweza kujua kwa kutazama karatasi.

Ndiyo maana sikubaliani kabisa na matumizi ya kipimo hiki katika kuajiri. Maswali matatu yanatoa alama nne tu zinazowezekana, kuanzia sifuri hadi tatu, na swali moja linalojulikana au kueleweka vibaya linamhamisha mtu theluthi moja ya njia kutoka alama ya chini kabisa hadi ya juu kabisa. Zaidi ya hapo, kimejengwa makusudi ili wazo la kwanza liwe baya, na kazi nyingi za duniani haziko hivyo. Mwanasaikolojia Gary Klein alitumia miaka mingi kuwachunguza makamanda wa zimamoto wanaoamua ndani ya sekunde chache, na tafiti za aina hiyo ziliwafikia wauguzi wa watoto njiti wanaotambua maambukizi kabla majibu ya maabara hayajarudi. Mwaka 2009 yeye na Kahneman, waliotoka kambi mbili zilizokuwa zikitiliana shaka, waliandika kwa pamoja kuhusu lini machale ya mtaalamu yaaminiwe. Walikubaliana juu ya masharti mawili: mazingira yawe na dalili za kudumu zinazoweza kujifunzwa, na mhusika awe amepata muda na mrejesho wa kutosha kuzijifunza. Muuguzi wa wodi ya watoto njiti ana vyote viwili. Gongo na mpira havimwambii chochote mwajiri wake kuhusu uwezo huo, na kumkosa mtu wa namna hiyo kwa sababu aliandika senti 10 ni hasara halisi kwa wagonjwa halisi.

Kwa anayetaka mbadala, upo. Toplak na wenzake walikirefusha hadi maswali saba mwaka 2014, jambo linalotoa alama zenye mpangilio mpana zaidi, ingawa hesabu inabaki palepale. Ninalolipendekeza zaidi ni toleo la Keela Thomson na Daniel Oppenheimer la mwaka 2016, lenye maswali manne yasiyotegemea hesabu kwa kiasi hicho. Mfano mmoja: ukiwa kwenye mbio na ukampita aliye nafasi ya pili, wewe uko nafasi ya ngapi? Ulimi unataka kusema ya kwanza, lakini umechukua nafasi yake, yaani ya pili. Mwingine: mkulima alikuwa na kondoo 15, wakafa wote isipokuwa 8, wamebaki wangapi? Kutoa hakuhitajiki, ila kusikiliza. Udhaifu wake ni kwamba baadhi ya maswali yanakaribia kuwa vitendawili, na mshiriki anaweza kuhisi amechezewa, hisia ambayo swali la gongo halimwachii kwa sababu halina hila.

Anayeamua kutumia maswali ya Frederick kwa mafunzo au utafiti ayatoe kwa nafasi tupu ya kuandikia jibu, asiweke machaguo, kwani orodha yenye 5 na 10 kando kwa kando inamwamsha mtu kabla hajateleza. Aongeze sura nyepesi ya swali la gongo pamoja na kipimo cha uhakika baada ya kila jibu, ili ule mnong'ono wa shaka upate mahali pa kuandikwa. Aulize mwishoni, si mwanzoni, kama mshiriki amewahi kuyaona maswali haya, na awatenge waliosema ndiyo anapofanya uchambuzi. Na katika kutoa matokeo asiishie kuhesabu waliopata na waliokosa, bali aonyeshe kwa kila swali wangapi walitoa jibu sahihi, wangapi walitoa lile la haraka, na wangapi walitoa jibu jingine kabisa, kwa kuwa aliyeandika senti 55 hakuteleza kwa wepesi wa fikra. Alijaribu kukokotoa, na anachohitaji ni msaada wa hesabu.